Usafi wa Nyumba Ndani ya Siku Saba: Hesabu ya Kaya za Kanzenze

Kanzenze ni mojawapo ya tarafa 12 za Wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, na iko upande unaopakana na Wilaya ya Nyabihu, juu ya mji wa Gisenyi na Ziwa Kivu. Wakazi wake wengi hulima viazi mviringo, mahindi na maharage, baadhi hufuga ng'ombe, na wengine hushuka kupeleka mazao Gisenyi au kuvuka mpaka na kuingia Goma. Wiki ya kaya kama hizo haina siku tupu: zipo siku za shamba, za soko na za ibada, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kuna umuganda, yaani kazi ya pamoja ambayo sheria ya mwaka 2007 inamtaka kila mkazi mwenye nguvu, wa umri wa miaka 18 hadi 65, aifanye kwa saa za asubuhi. Usafi wa barabara, mitaro na viwanja vya umma una siku yake na saa yake, na watu wanaoufanya huonekana. Usafi wa ndani ya nyumba hauna saa iliyotengwa wala daftari linaloutaja. Hufanywa alfajiri kabla ya kwenda shambani au usiku baada ya kurudi, na mara nyingi mno huangukia mikono ya mama na ya binti yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba kazi za nyumbani hazienei ndani ya wiki yenye shughuli nyingi kwa kumhimiza mtu yuleyule aongeze bidii. Zinaenea pale kaya inapotenga kazi ambazo maradhi hufuata zikiachwa na zile ambazo ni macho ya wageni tu yanayozidai, kisha ikazigawa zile za kwanza kwa watu wote wanaoishi chini ya paa moja, baba akiwa miongoni mwao.

Ili mgawanyo huo uwe na msingi, ni lazima kwanza ijulikane kwa nini kazi fulani ni ya kila siku na nyingine inaweza kungoja. Vimelea vidogo vinavyosababisha kuhara huzaana kwa saa chache, hasa katika chakula kilicholala na katika kitambaa kibichi cha kupangusia vyombo, kwa hiyo kuosha vyombo, kuvianika juani juu ya kichanja, kufunika maji ya kunywa na kunawa mikono ni kazi zisizoweza kusubiri kesho. Wadudu, kwa upande wao, wana mwendo mwingine. Nzi wa nyumbani, katika mazingira ya joto, huchukua takriban siku 7 hadi 10 kutoka yai hadi mdudu anayeruka, na katika baridi ya nyanda za juu huchukua muda mrefu zaidi. Mbu pia huhitaji muda unaokaribiana na huo ndani ya maji yaliyotuama, na mayai ya chawa wa mwilini, ambayo hutagwa kwenye mishono ya nguo, huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Ina maana kwamba mtu anayeondoa taka, kumwaga maji yaliyosimama na kufua nguo na matandiko mara moja kwa wiki huwakuta wengi wa wadudu hao kabla hawajakomaa na kuanza kizazi kingine. Siku saba, ambazo watu walizipokea kwa ajili ya ibada na soko, zinafaa pia kuwa kipimo cha afya, na kaya inayojua hivyo haina sababu ya kujilaumu kwa kutofua kila siku.

Suala la chawa lina uzito wake katika eneo hili lenye baridi, ambako watu huvaa nguo nyingi na wakati mwingine hulala nazo. Mwaka 1909 daktari Mfaransa Charles Nicolle, akifanya kazi Tunis, alionyesha kwamba taifasi, homa kali isiyofanana na homa ya matumbo ingawa majina yake ya kitaalamu yanakaribiana, huenezwa na chawa wa mwilini, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Ugonjwa huo haukubaki katika vitabu vya historia, kwani katika nchi jirani ya Burundi, mwaka 1997, makumi ya maelfu ya watu waliugua katika kambi za waliohamishwa na vita, mahali ambapo watu walisongamana kwenye baridi bila maji ya kufulia wala nguo za kubadili. Kinachopaswa kukumbukwa ni kwamba chawa wa mwilini hawezi kuishi muda mrefu nje ya nguo inayovaliwa, na kwa sababu hiyo kubadili nguo na kuzifua kila wiki humwondoa hata pasipo dawa. Vivyo hivyo, vijidudu vya upele havidumu zaidi ya siku mbili tatu vikiwa mbali na ngozi ya binadamu, kwa hiyo blanketi zito lisiloweza kufuliwa na kukauka wakati wa masika linaweza kufungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa siku kadhaa, kisha likaanikwa, wakati aliyeugua akitibiwa. Hiyo ni nafuu kubwa kwa kaya yenye blanketi nne na jua la saa mbili kwa siku.

Hata hivyo, mpangilio wowote wa wiki mahali kama Kanzenze hutawaliwa na maji kabla ya kutawaliwa na saa. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ya kibinadamu ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi wa msingi. Kaya ya watu watano itahitaji lita 75, ambazo ni karibu jerikani nne za lita 20, na kila jerikani iliyojaa ina uzito wa kilo 20 juu ya kichwa cha mtu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF huihesabu huduma ya maji kuwa ya msingi ikiwa kwenda, kupanga foleni na kurudi havizidi dakika 30. Hata ndani ya kiwango hicho kinachokubalika, safari nne za mtu mmoja ni saa mbili za siku, na hapo nguo hazijafuliwa bado. Katika sehemu za kaskazini mwa wilaya zilizo kwenye miamba ya volkano maji ya mvua hupenya haraka na chemchemi ni chache, hivyo bomba la kijiji na mfereji wa bati unaokinga mvua huamua siku ya kufua zaidi kuliko kalenda inavyoamua.

Kwa hiyo kaya inayopanga kazi zake kwa busara hupanga kwanza safari ya maji yenyewe, yaani maji yaleyale yatumike mara ngapi kabla ya kumwagwa. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa kulowekea nguo chafu za shamba. Yaliyotoka hapo yanafaa kunyunyiza sakafu kabla ya kufagia, au kusugulia jukwaa la choo. Mfuatano huo, ukifanywa asubuhi moja, hupunguza safari kadhaa za jerikani, lakini unadai kazi zote hizo ziwe za siku moja na si kila moja na siku yake, jambo ambalo ratiba nyingi zinazochapishwa kwa ajili ya nyumba zenye bomba la ndani hazilifikirii. Jerikani zenyewe pia ni sehemu ya usafi. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, na utelezi wa kijani unaojijenga ndani huhifadhi vimelea hata maji yakitoka safi bombani. Njia inayotumiwa na wengi, ya kutia mchanga mkavu au vijiwe pamoja na maji kidogo ya sabuni, kutikisa kwa nguvu na kusuuza, ni njia nzuri, na ikifanywa mara moja kwa wiki kwa kila jerikani inatosha. Ni kazi ambayo mtoto wa shule anaiweza bila kudhurika.

Sakafu inahitaji kuzungumzwa kwa kirefu zaidi, kwa sababu ndipo mahali ambapo jitihada nyingi hupotea. Nyumba nyingi za vijijini Rwanda bado zina sakafu ya udongo, na sakafu ya udongo haisafishwi kwa kuosha. Ikifagiliwa kavu, vumbi hupanda hewani, huingia kwenye maziwa na kwenye vifua vya watoto, kisha hutua palepale. Ikimwagiwa maji mengi, hugeuka tope. Katika vumbi hilo huishi funza, kiroboto mdogo ambaye kwa Kinyarwanda maradhi yake huitwa amavunja. Jike lake, lenye urefu wa milimita moja tu, huingia kwenye ngozi ya mguu, hufura na kutoa mayai kwa wiki kadhaa. Mayai huanguka chini, huanguliwa baada ya siku chache, na viluwiluwi hukua katika udongo mkavu wa chumbani na uani hadi kuwa wadudu kamili, mzunguko wote ukichukua karibu mwezi mmoja. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika Mashariki. Alifika pwani ya Angola mwaka 1872 ndani ya meli iliyotoka Brazili, akaenea bara kwa miguu ya wapagazi, askari na wafanyabiashara, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa ameshafika Zanzibar. Bara zima lilivukwa kwa muda usiozidi miaka 30, kutoka sakafu hadi sakafu.

Kwa kuwa mzunguko wake ni wa wiki tatu au nne, funza hashindwi kwa kufagia sana siku moja bali kwa kuunyima udongo ule ukavu na ulegevu anaouhitaji. Kunyunyiza maji machache kabla ya kufagia ni hatua ya kila siku. Hatua ya kila wiki au kila wiki mbili ni kusiriba, yaani kupaka sakafu na sehemu ya chini ya kuta mchanganyiko wa udongo laini na samadi mbichi ya ng'ombe, kazi ya zamani katika nyanda hizi zenye mifugo, ambayo ikikauka huacha uso mgumu usiotoa vumbi. Ni kazi ya saa mbili au tatu, ni nzito kwa mgongo, na ndiyo inayostahili kupewa nafasi katika wiki kabla ya kung'arisha masufuria mpaka yaakisi uso. Jambo hilo linaweza kuwaudhi baadhi ya wasomaji, kwani sufuria linalong'aa ni fahari ya mwenye nyumba mbele ya majirani. Lakini masizi ya kuni nje ya sufuria hayamdhuru mtu, na nusu saa inayotumika kuyasugua kwa majivu ni nusu saa iliyonyimwa sakafu anakotambaa mtoto.

Dawa ya kudumu ni kuibadili sakafu yenyewe. Nchini Meksiko, mpango wa serikali ulioanza mwaka 2000 katika jimbo la Coahuila uliwapa wakazi maskini saruji ya kutandaza hadi mita 50 za mraba, na watafiti waliolinganisha kaya zilizopata saruji na zile ambazo hazikupata waliona kwamba minyoo na kuhara kwa watoto vilipungua sana, na akina mama wenyewe walikuwa na furaha zaidi na msongo mdogo zaidi wa mawazo. Rwanda kwenyewe kampuni ya kijamii ya EarthEnable imekuwa ikijenga sakafu za udongo uliosindiliwa na kufunikwa kwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa gamba gumu, kwa gharama iliyo chini ya ile ya saruji. Sakafu ya namna hiyo hupangusika kwa kitambaa kibichi kwa dakika chache. Mtu akijumlisha saa za kunyunyiza, kufagia na kusiriba ambazo kaya huzitumia kwa mwaka mzima, ataona kwamba sakafu ngumu ni chombo cha kuokoa muda kabla ya kuwa pambo, na inafaa iwekwe katika mipango ya akiba ya kaya kabla ya kochi na kabla ya televisheni.

Lakini vifaa peke yake havimalizi tatizo la muda, na historia ya nchi tajiri inathibitisha hivyo. Mwaka 1974 mtafiti Joann Vanek alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba akina mama wa nyumbani wa Marekani wasiokuwa na ajira walitumia takriban saa 52 kwa wiki katika kazi za nyumbani miaka ya 1920, na saa 55 miaka ya 1960, ingawa katikati ya vipindi hivyo nyumba zilipata maji ya bomba, mashine za kufulia na umeme. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alieleza sababu: mashine zilichukua nafasi ya kazi zilizokuwa za baba na watoto, kama kupasua kuni na kubeba maji, huku viwango vya usafi vikipanda, na yote yaliyobaki yakarundikwa kwa mtu mmoja. Onyo hilo linaihusu Kanzenze moja kwa moja. Bomba likisogezwa karibu na sakafu ikawa ngumu, bila kubadilishwa kwa mgawanyo wa kazi, muda utakaookolewa utajazwa na madai mapya ya usafi kwa mama yuleyule.

Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na nyumba zisizolipwa duniani. Rwanda imechukua hatua katika sheria ambazo nchi nyingi hazijachukua. Sheria ya familia ya mwaka 1988 ilimtaja mume kuwa kichwa cha kaya; ile ya mwaka 2016 iliweka usimamizi wa kaya mikononi mwa wanandoa wote wawili kwa usawa. Kwamba sheria imetangulia na desturi inafuata kwa kuchechemea si sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa kuna ushahidi wa ndani kwamba desturi hubadilika. Mpango uitwao Bandebereho, uliowakutanisha wanaume katika vikao 15 vya mazungumzo kuhusu malezi, fedha na kazi za nyumbani, wake zao wakihudhuria baadhi yake, ulipimwa kwa jaribio la kitafiti lililohusisha jozi 1,199 za wanandoa katika wilaya za Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wanaume waliohudhuria walishiriki zaidi katika kazi za nyumba na malezi, na ukatili dhidi ya wake zao ulipungua. Musanze haiko mbali na Kanzenze, na mazingira ya shamba la viazi ni yaleyale. Ni vigumu kutaja jambo jingine lililopimwa kwa makini kiasi hicho ambalo lilimwongezea mama mikono ya msaada bila kununua chochote.

Serikali kwa upande wake ilianzisha mwaka 2009 mpango wa kukuza afya ya mazingira kupitia vilabu vya usafi vya vijiji, ambamo majirani hukutana kila wiki kujifunza kuhusu vyoo, vichanja vya vyombo na kandagira ukarabe, kile kifaa cha kunawia kinachoinamisha kidumu cha maji kwa kukanyaga kijiti. Vilabu hivyo vilijaribiwa katika vijiji 150 vya Wilaya ya Rusizi, na matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha kupungua kwa kuhara kwa watoto. Utafiti huo unaweza kuonekana kama tusi kwa kazi ya wahamasishaji, ilhali unaweza kusomwa vinginevyo: kuhudhuria somo la usafi pia ni saa inayokatwa kutoka wiki iliyojaa, na mama aliyefundishwa kunawa mikono mara tano kwa siku bado anahitaji maji ya kunawia na mtu wa kuyateka. Maarifa yakiongezwa bila mikono na bila maji, kinachoongezeka ni lawama.

Mgawanyo wenyewe hauhitaji kuwa mgumu. Katika eneo la Swabia, kusini mwa Ujerumani, wakazi wa majengo ya pamoja wamekuwa na desturi ya kufagia ngazi na njia kwa zamu za wiki, na kibao huning'inizwa mlangoni pa yule ambaye zamu ni yake, kisha humfikia jirani wiki inayofuata. Hakuna anayeulizwa kama amekumbuka, kwani kibao kinaonekana. Kaya ya Kanzenze yenye baba, mama na watoto watatu inaweza kufanya hivyo kwa jerikani iliyofungwa utepe au kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Kazi za kila siku zikiwa vyombo, maji, choo na sakafu, kila mtu mwenye umri wa kutosha hushika moja kwa wiki nzima, na kazi kubwa za wiki, yaani kufua, kuosha jerikani, kuanika matandiko na kusiriba, huwekwa katika nusu siku moja ambayo wote wako nyumbani.

Nusu siku hiyo haiwezi kuwa moja kwa kijiji kizima. Kaya za Waadventista wa Sabato, kanisa lililokita mizizi Rwanda tangu takriban miaka 100 iliyopita, huikamilisha Ijumaa kabla ya jua kuzama, kwa kuwa siku ya saba hawafanyi kazi, na umuganda wenyewe waumini hao wamekuwa wakiruhusiwa kuufanya Jumapili. Kwa Wakatoliki wa Jimbo la Nyundo, Jumamosi alasiri ndiyo inayofaa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi ambayo asubuhi yake tayari imetolewa kwa kazi ya umma na miguu imechoka. Waislamu wa Gisenyi na viunga vyake wanaweza kupenda nyumba iwe tayari kabla ya swala ya Ijumaa. Anayevuka mpaka kuuza mboga Goma huchagua siku ambayo soko limepoa. La maana ni kwamba siku ikishachaguliwa iheshimiwe na watu wazima wote kama umuganda unavyoheshimiwa, na asiyeweza kuwapo aseme mapema ni kazi gani ataifanya siku nyingine.

Chombo cha kuliweka hilo katika maandishi kipo tayari. Kaya za Rwanda huandika imihigo ya familia, yaani ahadi za mwaka ambazo hukaguliwa na viongozi wa kijiji na wa isibo, lile kundi la kaya zipatazo 15 hadi 20 lililo chini ya kijiji. Ndani yake huandikwa bima ya afya, akiba, shule za watoto, bustani ya mboga na choo bora. Choo huandikwa, lakini anayekiosha haandikwi. Ingetosha kuongeza safu moja ya jina la mwenye zamu pembeni mwa kila ahadi ya usafi, kisha katika kikao cha jioni cha familia za kijiji, kiitwacho Umugoroba w'Imiryango, kiongozi aulize kwa sauti ileile anayoulizia bima ya afya: wiki hii maji ameteka nani, na sakafu imesiribwa na nani. Wanaume wa Kanzenze wamezoea kuhesabiwa kwenye mtaro wa barabara Jumamosi ya mwisho ya mwezi, koleo mkononi, na hawaoni aibu. Jumamosi tatu au nne zilizobaki zina asubuhi ndefu ya kutosha kusafisha jerikani nne na kukanda ndoo ya udongo wa kusiriba.